Fundi Aliyegombana na Mungu

Tangu amzike mwanawe, jirani yangu fundi cherehani anakanyaga pedali kana kwamba anamkanyaga mtu, na uzi anaukata kwa meno ilhali mkasi uko mapajani. Jana mteja alimfariji: “Mungu kampenda zaidi, mama.” Fundi akamrudishia gauni lake likiwa na mkono mmoja.

“Basi mwambie yeye akumalizie.”

Shoga yake, mpiga pasi wa chumba cha pili, hakumkemea. Huja kila asubuhi kumtungia sindano, maana fundi siku hizi hulikosa tundu.

“Umesali leo?” alimwuliza.

“Nimegombana naye tangu alfajiri. Na kesho tena, mpaka anijibu.”

Mpiga pasi akalamba ncha ya uzi, akautunga.

“Ukiamka nigongee mlango, shoga. Na mimi nina langu la kumwuliza.”