Redio Chini ya Kitanda

Nilipokuwa na miaka tisa, bundi alitua kwenye paa letu la mabati huko Gilgil, akalia jioni tatu mfululizo. Shosho, mamake baba, alimrushia kijinga cha moto kama ilivyo desturi, na kila jioni bundi akarudi. Siku ya tatu Shosho akachoka. "Huyo amekuja kunichukua mimi. Si nimekula chumvi nyingi?"

Tangu hapo macho ya nyumba nzima yalikuwa kwake. Akaanza kugawa vitu: kuku kwa shangazi, leso kwa majirani. Mimi nilimlilia kabla hajafa. Baba hakuna aliyemtazama. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye shamba la maua, na ugonjwa wake wa zamani wa huzuni, ambao sisi tuliuita mawazo, ulikuwa umemrudia vibaya. Hakuoga. Chai ilipoa mbele yake. Tulisema akipata kazi atapona, basi tukangoja kazi.

Alhamisi aliniita nyuma ya nyumba akanipa redio yake, ile ambayo sikuruhusiwa hata kuigusa. "Hii ni yako sasa. Usiambie mtu." Nikaificha chini ya kitanda. Kesho yake koti lake la mvua lilikuwa kwa jirani. Watu wakasema huyo ni mwana mwema, anafuata mamake.

Siku mbili nilinyamaza. Niseme ukweli: nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini niliitaka ile redio.

Jumamosi Shosho alikuwa akinisuka nikaropoka, "Shosho, hata baba anagawa. Amenipa redio."

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu. Yeye aliyekuwa akijiandaa kufa alijua kugawa ni nini. Akainuka mbio, nami nikamfuata na nywele nusu. Baba alikuwa peke yake kando ya zizi la mbuzi.

Kwetu kifo hakitajwi, maana ukikitaja umekiita. Shosho alikitaja. "Mwanangu, unataka kufa?"

Baba akajibu, "Ndio, mama. Mtu hawezi lisha watoto wake, anakaa duniani akifanya nini?"

"Anakaa na mamake," Shosho akasema, akaketi pale chini akamshika mkono. Hakumwacha hadi Jumatatu, walipoenda hospitali Nakuru pamoja.

Baba yu hai. Kazi haikurudi, anauza miche, anameza dawa, na iko miezi ambayo bado tunamwogopea. Shosho aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, akidai kuku wake.

Sasa naishi Kiamunyi, na bundi wapo huku pia. Wakilia, siwaangalii wazee. Namfikiria aliyepoteza kazi, aliyenyamaza, aliyeanza ghafla kuwa mkarimu, kisha nampigia simu na kumuuliza waziwazi. Redio ninayo bado. Sijawahi kuiwasha. Kila nikiiona nazikumbuka zile siku mbili.