Inyamanza Aliyekufa Bandani

Nilikuwa na miaka tisa wakati kuku wa mama walipokufa wote ndani ya siku nne, na sikulia. Watu husema watoto hulia haraka. Mimi nilisimama uani kwetu Biryogo, hapa Kigali, nikawahesabu kumi na mmoja wakiwa chini, kisha nikaingia ndani kula viazi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi nasi tangu babu alipofariki huko Gisaka. Sisi watoto tulimwita Nyogokuru. Alikuwa wa ukoo wa Bagesera, na kwa Bagesera inyamanza si ndege hivi hivi, ni ndege wa ukoo. Ni kale kadogo keusi na keupe kanakotikisa mkia, kanakotembea katikati ya watu bila hofu. Kila asubuhi kalikuja kudonoa pumba pamoja na kuku wetu, na Nyogokuru alikaamkia kama mtu. Alitufundisha kwamba inyamanza haruhusiwi kuuawa, na kwamba akionekana amekufa uani, aliyemwona lazima aseme kwa sauti, mbele ya wote. Azikwe. Na kuku yeyote asitoke katika ua huo mpaka mwezi uandame upya.

"Mtu akinyamaza," alisema, "ua nao utanyamaza."

Nilimkuta inyamanza amekufa Alhamisi moja, bandani, kando ya sufuria ya maji ya kuku. Macho yalikuwa wazi. Jumamosi binti wa jirani yetu Mama Zaina alikuwa anaolewa, mama alishaahidi kupeleka kuku wawili, nami nilichaguliwa kumwaga maua mbele ya bibi harusi. Niliona kila kitu mara moja: Nyogokuru akijua, kuku hawatoki, mama hataingia harusini mikono mitupu, na mimi sitamwaga maua. Nilimshika ndege kwa jani la mgomba, nikamtupa katika choo cha shimo. Jioni ile mama akavusha kuku wawili kwa Mama Zaina, wakafungwa kamba katikati ya kuku wake.

Jumamosi nilimwaga maua. Jumapili kuku wetu wa kwanza alipinda shingo, akawa anazunguka palepale kama anayetafuta kitu mgongoni kwake. Kinyesi kilikuwa kijani.

"Ni umuraramo," Nyogokuru alisema. Ndio ugonjwa ambao Waswahili wengine huuita mdondo. Kisha akamuuliza kila mmoja wetu, akianza na mama: "Nani ameona inyamanza aliyekufa?"

Ilipofika zamu yangu nilisema, "Sijaona, Nyogokuru."

Alinitazama kidogo, akachukua jembe. Alizika kuku mmoja mmoja nyuma ya banda, akimwaga majivu juu ya kila shimo na kunong'ona maneno ya kwao. Mama Zaina alimwona juu ya ua wa miti ya miyenzi uliotutenganisha. Jumatano kuku wake nao walikuwa wamelala.

Alikuja saa za mchana, bado ana hina ya harusi mikononi.

"Mama Salima, kuku yangu yote imekufa. Yote! Huyu mzee wako iko anafukia nini kule nyuma? Iko anasema na nani?"

"Ni ugonjwa, dada," mama alisema.

"Ugonjwa gani unapita harusini kwangu? Mtoto wangu ameolewa juzi, leo huyu mzee ananiletea uchawi!"

Wanawake wengine walikuwa wameshasimama mlangoni. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na mtaani watu walishazoea kumchunguza kila aliyetoka mahali pengine. Nyogokuru alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa na udongo kwenye kucha. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, na maneno yote ninayo: mimi nilimwona, mimi nilimtupa. Hayakutoka. Sikuhisi hofu wala aibu. Nilihisi kama mdomo ni wa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata tulimsindikiza Nyogokuru hadi kituo cha Nyabugogo kupanda basi la Kibungo, arudi Gisaka. Mama alisema ni kwa muda tu, maneno yapoe. Nyogokuru alinishika kichwa, akasema, "Mkumbushe mama yako amwage majivu bandani kabla hajaleta kuku wengine." Basi. Hatukumwona tena. Ilipofika mwaka ule ambao sisi wa Kigali hatuna haja ya kuutaja, yeye alikuwa kule, sisi tulikuwa huku. Hatujui siku yake, wala alipolala.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza daktari wa mifugo. Aliniambia mdondo hupita kwa ndege wa porini na wa kufugwa, kwamba ndege yule huenda aliuleta, au aliupata kwa kuku wetu, au aliuawa na paka tu. Akasema kutotoa kuku nje ya ua ndiyo dawa pekee waliyokuwa nayo wazee.

Mama nilimwambia alipozeeka. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuacha.

"Ungesema, ningekuchapa," alisema. "Na kuku ningewapeleka tu. Ningeendaje harusini mikono mitupu?"

Pengine ni kweli, pengine alitaka kunipunguzia. Lakini kwa habari ya ndege, mtoto yule niliyekuwa nilishamsamehe zamani. Alikuwa anataka kumwaga maua. Ninachoshindwa kumsamehe ni ile Jumatano mchana, hatua tatu, wanawake mlangoni, na bibi yake akingoja mtu mmoja aseme.