Kidonge cha Moyo, Mkono wa Kinyozi

Kinyozi wetu haonji pombe, na alipenda kulisema hilo wembe ukiwa shingoni mwako, mahali ambapo huwezi kumbishia. Ndiyo maana mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, alitamani ardhi ipasuke immeze. Wateja walikumbuka ghafla kwamba wana haraka, wakavuka barabara kwenda kwa mwingine. Huyu naye mlevi, lisemwalo lipo, tulinong'onezana pale kwenye benchi, naye akasikia.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba maneno hayo aliwahi kuyatumia mwenyewe. Kiti kile cha kunyolea kilikuwa cha kaka yake mkubwa, ndiye aliyemfundisha kazi. Kaka alipoanza kutetemeka, na asubuhi moja akaja ananuka pombe, mdogo mtu alimfukuza mbele yetu, akamwita mlevi. Tangu siku hiyo kaka anauza mkaa nyuma ya soko, na hawasalimiani.

Alipokwenda hospitali, daktari alimwandikia vidonge vya moyo. Kinyozi akagoma, akisema moyo wake ni mzima. Daktari alicheka, akamweleza kwamba kweli dawa ile ilianza kwa wagonjwa wa moyo, ila baadhi ya walioimeza walikuta mikono yao iliyokuwa ikitetemeka imetulia. Basi ikapata kazi ya pili.

"Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo," alisema. "Kwenu nani mwingine anatetemeka? Wengine hunywa pombe kidogo, maana huutuliza kwa muda. Halafu watu wanawaita walevi."

Kinyozi alichukua vidonge vyake, akaondoka akimwaza kaka yake. Baada ya muda mkono ulitulia, lakini aibu ilibaki palepale, hata kiti chenyewe akawa anaona haya kukigusa.

Mwishowe alikwenda sokoni, akasimama mbele ya magunia ya mkaa.

"Shikamoo, kaka."

Haikuitikiwa. Alieleza yote macho yakiwa chini, akaomba waende pamoja kwa daktari. Kaka alikwenda, ila njia nzima hakumsemesha.

Jumamosi moja tulimkuta kinyozi amekaa kwenye kiti yeye, kitambaa shingoni, mashavu yamejaa povu. Kaka alikuwa nyuma yake ameshika wembe, na mkono umetulia.

"Nilikunywa ili nisimkate mtu," kaka alisema.

"Najua sasa. Nisamehe, kaka. Nilikuaibisha mbele ya watu."

"Inua kidevu."

Akainua, machozi yakimtiririka kwenye povu. Sisi wa benchi, tuliocheka siku ile kaka alipofukuzwa, tukainamisha vichwa, kila mtu akitazama viatu vyake.