Bi Faili na Mashine ya Kanda

Hospitali ile ilikuwa na seva moja tu, kompyuta kuu iliyotunza kumbukumbu zote za wagonjwa, nayo ilikaa kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni ukutani, rafu tatu za mbao, na kiti cha plastiki ambacho hakuna aliyekikalia isipokuwa Bi Faili.

Jina hilo alipewa na wauguzi miaka ishirini na miwili nyuma, alipoajiriwa kubeba mafaili ya wagonjwa kutoka masjala kwenda wodini. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, akipita koridoni na mafaili yamempanda hadi kidevuni, akiomba apishwe na watu asiowaona. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa masjala walizikwepa. Yeye akaanza kwa kumshikia fundi tochi, akaendelea kwa kumuuliza maswali, mpaka fundi akachoka kujibu akampa vitabu vyake asome mwenyewe. Siku fundi alipoacha kazi na kuhamia mbali, uongozi ulitazama huku na huku ukakuta ni Bi Faili peke yake anayejua seva inazimwaje. Ndivyo alivyokabidhiwa ufunguo. Kozi ya miezi mitatu alikuja kuisoma baadaye, akiwa na miaka arobaini na sita, darasa moja na vijana waliomwita mama na kumwangalizia majibu.

Watu walidhani anapenda mashine. Mashine hakuwa na habari nazo. Alichokuwa nacho moyoni ni kisa cha dada yake.

Mwaka wa tatu tangu aajiriwe, paa la masjala lilivuja kwa siku nne za mapumziko bila mtu kujua, na mafaili ya rafu mbili nzima yakageuka uji. Faili la dada yake mkubwa lilikuwa humo. Ndani yake daktari mmoja alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba mgonjwa huyu asipigwe tena sindano ya aina fulani, kwa sababu ilimletea mlio masikioni. Miezi sita baadaye dada aliletwa na homa kali, hajitambui, akapokelewa na watu wapya waliomfungulia faili jipya, jeupe, halina neno. Alipigwa sindano ile ile kwa siku saba. Homa ikaisha. Masikio nayo yakaisha. Bi Faili hakuwa anajua lolote kuhusu wino mwekundu mpaka yule daktari wa zamani alipomuuliza, kwa upole tu, kwa nini maelekezo yake hayakufuatwa.

Tangu hapo dada aliishi kwake. Alijifunza kusoma midomo, akawa mtani kuliko alivyokuwa akisikia. Alipenda kusema kwamba faida ya ukiziwi ni kuwa redio ya jirani haimkeri mtu.

Basi, Jumatano moja asubuhi, Bi Faili alifungua mlango wa stoo ya mashuka akakuta taa ya rangi ya chungwa inawaka mbele ya seva. Ndani ya seva kulikuwa na diski mbili zinazoandika kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Moja ilikuwa imekufa. Ile iliyobaki alipoitegea sikio ilikuwa na mlio mwembamba, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Akapiga simu kampuni ya matengenezo. Wakamwambia diski ya aina hiyo haitengenezwi siku hizi, itatafutwa, asubiri kama wiki tatu. Nakala ya akiba haikuwepo: diski ya pembeni iliyokuwa ikihifadhi nakala iliharibika mwezi uliotangulia, na ombi la kupata nyingine lilikuwa bado linatembea kutoka meza hadi meza. Kompyuta za wodini zilikuwa vioo tu, hazina uwezo wa kuhifadhi. Flashi alizokuwa nazo, hata angezikusanya zote, zisingebeba robo ya picha za eksirei.

Akakaa kwenye kiti chake cha plastiki akafikiri. Kisha akakumbuka katoni.

Ilikuwa chini kabisa ya rafu, imeandikwa kwa kalamu nzito jina la hospitali nyingine iliyokuwa imebadilisha vifaa vyake na kuwagawia wenzao vya zamani. Ndani mlikuwa na mashine ya kanda: kisanduku cheusi cha chuma, kizito, chenye mdomo mbele wa kumezea kanda. Pamoja nacho kulikuwa na waya mnene wenye plagi ya sindano nyingi, kijitabu cha maelekezo, na kanda kumi ambazo hazijafunguliwa. Kanda moja ilikuwa kama kaseti za zamani za muziki, ila nene zaidi, na ilitosha kubeba kumbukumbu za hospitali nzima.

Hiyo ilikuwa habari njema. Habari mbaya aliisoma ukurasa wa pili wa kijitabu: mashine ile haichomekwi seva ikiwa inawaka. Lazima seva izimwe kwanza. Na diski iliyozeeka, inayosaga meno, ikisimama baada ya kuzunguka miaka tisa, inaweza isizunguke tena.

Akaenda kwa msimamizi wa hospitali, mtu mkimya aliyependa kila jambo liwe kwenye karatasi. Akamweleza yote bila kuficha. Msimamizi alisikiliza huku akizungusha kifuniko cha kalamu.

"Ukiizima, una uhakika itawaka?"

"Sina, Mkuu."

"Sasa kwa nini tuizime?"

"Kwa sababu tusipoizima itajizima yenyewe. Na siku hiyo haitatuuliza tumejiandaa vipi."

Msimamizi alisema bora wasubiri fundi wa kampuni. Bi Faili akajibu kwamba fundi wa kampuni atafanya vile vile, tofauti ni kwamba atafanya baada ya wiki tatu. Msimamizi akamtaka aandike barua kwamba yeye ndiye aliyeshauri, na litakalotokea ni juu yake. Bi Faili aliandika palepale, kwa mkono, akasimama mbele ya meza akingoja. Msimamizi akaisoma mara mbili. Kisha, jambo ambalo Bi Faili hakulitegemea, akachukua kalamu akatia saini yake pia, chini ya ile ya Bi Faili, akasema afanye Jumapili asubuhi, wagonjwa wanapokuwa wachache.

Kuanzia hapo Bi Faili alijifunga kibwebwe. Alhamisi na Ijumaa alichapisha orodha ya wagonjwa wote walioandikwa kwamba wana dawa zinazowadhuru. Walikuwa mia nne na kumi na wawili. Mfamasia, bwana mmoja mnene mwenye maneno mengi, alimsaidia kuipitia jina kwa jina, akalalamika kwamba macho yake yameajiriwa kusoma maboksi, si vitabu. Lakini alimaliza. Jumamosi kila wodi ilikuwa na nakala yake ukutani, pamoja na fomu za karatasi za kutumia wakati seva imelala.

Jioni ile dada alimtazama akila kwa kijiko kisichofika mdomoni.

"Mdogo wangu, uso wako umejaa kelele," alisema. "Hata mimi nazisikia."

Bi Faili akamweleza, akitamka taratibu ili midomo isomeke. Alitaja pia kwamba ikishindikana, atakuwa ndiye aliyeua kumbukumbu za watu kwa mikono yake. Dada aliweka bakuli chini.

"Mimi masikio yangu hayakuharibiwa na mtu aliyejaribu," alisema. "Nenda kalale."

Jumapili saa nne kamili, Bi Faili alitangaza kwa simu wodi zote, kisha akaizima seva. Feni zake zilishuka sauti polepole hadi zikanyamaza, na chumba kikawa na ukimya ambao hakuwahi kuusikia humo. Mfamasia alikuwa amekuja na kijitabu mkononi. Siku hiyo haikuwa zamu yake, ila alisema asingeweza kukaa nyumbani akijiuliza. Kazi yake ikawa kusoma maelekezo kwa sauti, na aliyasoma kama anayempa mgonjwa dozi: chomoa umeme, mara moja, gusa chuma kitupu kutoa umeme wa mwilini, kabla ya kazi.

Nyuma ya seva kulikuwa na tundu refu lililofunikwa kwa mpira. Bi Faili aliung'oa, akashika plagi, akasita. Akaigeuza kwenye mwanga wa tochi. Sindano moja kati ya zile nyingi ilikuwa imepinda, imelalia jirani yake. Angeisukuma hivyo, ingevunjika. Alitoa utumbo wa wino ndani ya kalamu, akaivika ncha tupu ya kalamu hiyo juu ya ile sindano, akainyanyua kidogo kidogo, akiwa amebana pumzi, hadi ikasimama wima. Plagi ikaingia. Akakaza skrubu zake mbili kwa vidole. Mwisho mwingine wa waya akauchomeka kwenye mashine ya kanda, na kwenye tundu la pili la mashine hiyo akabandika kizibo kidogo cha kufunga mwisho wa waya, ambacho kijitabu kilisema bila hicho vifaa havielewani.

"Washa mashine ya kanda kwanza," mfamasia alisoma. "Ikitulia, ndipo uwashe seva."

Akawasha mashine. Taa ya kijani. Akabonyeza swichi ya seva. Feni zikapanda, kioo kikaangaza, kikaandika mistari miwili, kikaganda.

Walingoja dakika tano. Kioo hakikuongeza hata herufi. Mfamasia, ambaye maneno hayakuwa yakimwishia, alifunga kijitabu akatazama sakafu. Bi Faili aliona herufi za wino mwekundu ambazo hakuwahi kuziona kwa macho. Kisha akapiga goti, akaweka sikio kwenye ubavu wa seva.

"Inazunguka," alisema.

"Nini?"

"Diski. Inasaga meno yake kama kawaida. Haijafa, dokta. Kuna kitu kinaizuia kuongea."

Akamwambia asome tena ule ukurasa wa namba. Mfamasia akasoma: kila kifaa kwenye waya mmoja lazima kiwe na namba yake; vikiwa viwili vyenye namba moja, vyote hunyamaza. Bi Faili alijua diski ya seva ina namba sifuri. Akaigeuza mashine ya kanda. Nyuma, mahali ambapo pangekuwa na namba, wale wa hospitali nyingine walikuwa wamebandika kibandiko chao. Akakikwangua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kidude cha kuzungusha, kimesimama kwenye sifuri.

Sasa ilibidi aizime seva mara ya pili, na hili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, maana safari hii alijua diski bado ina uhai. Mfamasia aliuliza kama wasingempigia msimamizi kwanza. Bi Faili akatikisa kichwa. Barua ilishasainiwa, na msimamizi hangeweza kuongeza kitu juu yake isipokuwa wasiwasi. Akazima. Akazungusha kidude hadi nne. Akahesabu hadi sitini kimoyomoyo, akawasha tena, mashine kwanza, seva baadaye.

Mistari miwili ikaja. Ukaja wa tatu: diski, namba sifuri. Ukaja wa nne: kanda, namba nne. Kisha yakafuata maandishi mengi, haraka haraka, kama watu wanaotoka mlangoni baada ya kufungiwa.

Mfamasia alikaa kwenye kiti cha plastiki bila kuombwa, akafuta jasho la shingo. Bi Faili hakukaa. Alifungua kanda ya kwanza, akaisukuma kwenye mdomo wa mashine, ikamezwa, na akaanza kunakili. Iliunguruma kwa saa tano. Wodi zilirudishiwa mfumo, na wauguzi wakalalamika kwamba unakwenda polepole. Akawaambia wauvumilie kama wanavyovumiliwa wao.

Ilipokwisha, mfamasia alinyanyuka kuaga. Bi Faili akamzuia. Alitaka kuona kama kilichoingia kinatoka. Akachagua mgonjwa mmoja ovyo, mzee wa sukari, akaamuru kanda imrudishe kwenye folda ya pembeni. Kanda ilijizungusha, ikatafuta, na mzee akatokea kwenye kioo akiwa kamili, vipimo vyake, dawa zake, na picha ya kifua. Hapo ndipo Bi Faili alipokaa sakafuni, mgongo ukutani, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Diski ilikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, katikati ya foleni. Haikuwaka tena kwa dua wala kwa kofi. Kwa siku sita hospitali iliendesha kazi kwa karatasi, hadi diski mpya zilipopatikana, na Bi Faili, aliyekuwa akinakili kila jioni tangu Jumapili ile, akarudisha kila kitu kutoka kwenye kanda ya Jumatano jioni. Kilichopotea ni yale ya asubuhi ile moja, na hayo waliyaandika upya kwenye karatasi siku ile ile, kabla ya saa sita mchana. Msimamizi alikuja mwenyewe hadi stoo ya mashuka, akasimama mlangoni, akauliza kama kuna kitu anachohitaji. Alidhani ataombwa kiyoyozi.

Bi Faili aliomba mtu wa pili. Alisema haifai hospitali nzima kumtegemea mwanamke mmoja anayeweza kuugua mafua. Msimamizi akauliza nani, na mfamasia akajikuta ametajwa.

Bi Faili aliandika maelekezo kwenye karatasi mbili, kwa herufi kubwa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi mfamasia alifanya kazi yote peke yake: akatoa kanda ya zamani, akaweka mpya, akaanza kunakili, akajaribu kurudisha faili moja. Alikosea mahali pamoja, akagundua mwenyewe, akarudi nyuma. Bi Faili alikaa kwenye kiti cha plastiki muda wote huo, ameikalia mikono yake miwili ili isije ikanyanyuka kumsaidia.