Pilau Iliyotupatia Kiti

Chama chetu cha Wakenya wa Doha kilifanya uchaguzi nyumbani kwa mwenyekiti, Al Rayyan. Waislamu tulikuwa wachache, na kila mwaka tulipewa kazi ile ile ya kupika pilau. Tukitoka jikoni, vyeo vimeshagawanywa.

Mwaka huo msichana mmoja wa Mombasa, aliyefanya kazi hotelini, akatupanga. "Leo jikoni aende huyu mpenda kitanda peke yake. Sisi wengine tunakaa mkutanoni."

Mpenda kitanda ni mimi. Siku ya ofu hunitoi chumbani, na pilau naijua kwa kuila tu.

Nikapika hivyo hivyo. Moshi ulifika mkutanoni kabla ya sahani. Mwenyekiti akaonja, akanitazama.

"Kwani wewe si mtu wa Pwani?"

"Ndiyo, mzee. Lakini sikuzaliwa na mwiko mkononi."

Watu wakaangua kicheko. Yule msichana akadakia, "Wala sisi hatukuzaliwa jikoni. Mwaka huu nataka ukatibu."

Mikono ikainuka, hata wa mwenyekiti, huku akisukutua mdomo kwa maji. Msichana akawa katibu. Mimi nikapigwa marufuku jikoni, nikarudi kitandani kifua mbele.