Mchungaji wa Keria

Enzi zetu pale Tinde, daladala ilikuwa na magurudumu mawili, haikunywa mafuta, na breki yake ilikuwa kandambili ya dereva. Nasema baiskeli, wadogo zangu, kabla hamjabisha. Abiria alikaa nyuma kwenye keria, juu ya kipande cha sponji, na dereva alikanyaga pedeli kwa nguvu za ugali wa jana. Baba yangu alikuwa dereva wa namna hiyo. Watu walimwita Mchungaji wa Keria, maana ukishapanda tu, utasikia habari za Yesu mpaka unaposhuka.

Hakuwa mchungaji wa kanisa lolote. Alikuwa muumini tu aliyependa kusema, na aliona Mungu amempa wasikilizaji wasioweza kutoroka. Alianza taratibu: "Mama, umelala salama? Ni nani aliyekulinda?" Kwenye tambarare maneno yalitiririka, kwenye mteremko aliimba. Shida ilikuwa kilima. Pale neno lilitoka moja kwa kila pedeli, "Yesu... ana... ku... penda," jasho likimchuruzika, na abiria wakamtania kwamba shetani ana shamba kwenye kile kilima. Baba alicheka nao, na akifika juu aliendelea alipoishia.

Asubuhi mimi nilikaa kwenye chuma cha mbele nikielekea shule, fagio mkononi, kidumu cha maji magotini. Mfukoni nilikuwa na michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa juani, ambavyo ukitafuna kimoja unafika nacho darasani. Watoto wa leo ukiwapa wanauliza kama ni dawa. Jioni tulicheza rede mpaka mama aite, na asipoitikiwa alikuja mwenyewe na fimbo.

Basi siku moja ya gulio nilikuwa na baba kwenye kijiwe cha baiskeli, alipotokea Bibi Nyanzobe na mzigo wake kichwani. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu miaka ile macho mekundu yalikuwa kesi ya uchawi. Mtoto wa Mama Shija, jirani yake, alikuwa amefariki kwa homa, na minong'ono ilishaanza kwamba bibi ndiye aliyemla. Hata sisi watoto tulijua minong'ono ya namna ile huishia kwenye panga.

Madereva walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja alijifanya ana pancha, akawa anajaza tairi lililojaa.

"Shikamoo mama," baba akasema. "Panda twende."

"Marahaba mwanangu. Lakini wakikuona umenibeba, kesho nani atapanda?"

"Keria ni ya watu. Na wewe ni mtu."

Akampandisha, nami nikakaa mbele. Njia ya mkato nyuma ya majaruba ya mpunga ilikuwepo, lakini baba hakuipita. Alipita barabara kubwa, mbele ya maduka na mashine ya kusaga, akipiga kengele mwanzo mwisho na kumsalimia kila aliyetushangaa. Nilitamani ardhi inimeze. Cha ajabu, safari nzima hakuhubiri hata neno moja. Tulipomshusha, bibi alishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba, wabeja," huku anajifuta macho. Wakati wa kurudi nikamuuliza baba mbona leo hakumhubiria abiria wake.

"Nilikuwa naihubiria barabara," akasema.

Barabara haikufurahi. Abiria walipungua, nyumbani tukawa tunakula ugali kwa majani ya kunde kila siku, na mama akauliza kama Jumapili atupikie mahubiri. Baba aliendelea kumbeba bibi kila gulio, mchana kweupe. Mimi niliogopa sana. Niliogopa kwamba asubuhi moja tutasikia bibi ameuawa, na kwamba baba naye watamgeukia.

Kisha Mama Shija akatusimamisha njiani. Alikuwa anawahi zahanati na hapakuwa na baiskeli nyingine. Alipanda, baba akakanyaga. Tulipofika kilimani, yeye mwenyewe akauliza, "Baba Kabula, yule bibi hukumwogopa?"

Baba akajibu kwa pumzi ya kilima. "Anapikia... mavi ya ng'ombe... na miti ya pamba. Jiko lake... halina dirisha. Ni moshi... Mama Shija. Ni moshi tu." Tukafika juu, akavuta pumzi. "Na Yesu anampenda. Na wewe anakupenda, na mwanao."

Nyuma nikasikia kilio. Baba hakugeuka. Keria ina uzuri wake, mtu anaweza kulia bila kutazamwa usoni.

Gulio lililofuata Mama Shija alikuja kijiweni, akampokea bibi mzigo wake mbele ya watu wote. Baadaye akaenda na akina mama wenzake wa kanisani, wakatoboa dirisha kwenye lile jiko. Bibi Nyanzobe aliishi miaka mingi, akaimba kwaya kwa sauti mbovu, akafa kwa uzee kitandani mwake. Kwa mwanamke wa macho mekundu wa enzi zile, kufa kwa uzee halikuwa jambo dogo.

Baba naye ameshalala. Siku hizi ni bodaboda. Juzi nilishuka Tinde nikitokea Kahama, nikapanda ya kijana mwenye spika kubwa kuliko kichwa chake. Nikajaribu urithi wangu, nikamwambia Yesu anampenda. "Niongeze sauti, mama?" akauliza. Nikamwambia aangalie barabara.

Jioni nilikuwa pale kijiweni nasubiri basi, akatokea bibi mmoja, mzigo kichwani, macho mekundu. Moyo ukanilipuka. Vijana wote wakaondoka mbio, wakimkimbilia yeye.

"Shikamoo bibi, panda hapa!"

"Bibi, huyo hana breki, njoo kwangu!"

Wakamgombania mpaka akacheka. Walitaka nauli tu, najua, na hakuna hata mmoja aliyeyaangalia macho yake. Nikasimama pale na mkoba wangu, machozi yananitoka, nikatamani baba angekuwepo aione barabara yake.