Kiti cha Jirani wa Kaka

Fundi cherehani ndiye aliyewakalia kooni viongozi wa klabu mpaka wakaruhusu mashabiki kuuza tena tiketi zao. "Nimeinunua mwenyewe, nikitaka nitamuuzia hata shetani!" alifoka mkutanoni, ukumbi ukamshangilia.

Mechi iliyofuata alibanwa na kazi ya yunifomu za shule, akamuuzia tiketi yake mtu asiyemjua. Kaka yake, ambaye macho yake yalishaingia ukungu, alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha siku zote, pale ambapo fundi, akikaa kiti cha pembeni yake, humsimulia mpira sikioni.

Jioni kaka alipita kibandani, skafu bado shingoni. "Jirani yangu wa leo hakufungua mdomo," alisema. "Hebu niambie, mdogo wangu, bao letu alifunga nani?"

Fundi aliinamia cherehani. Hata yeye hakujua.